Kipimo cha damu cha Alzheimer: kije Mwanza sasa au kisubiri?

Mtaalamu wa maabara, Nyamagana: Wakuu, salaam. Mei 2025 FDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, iliidhinisha kipimo cha kwanza cha damu cha kusaidia kutambua Alzheimer, ugonjwa wa ubongo unaofuta kumbukumbu. Kinaitwa Lumipulse, na kinagawanya kiwango cha p-tau217 kwa kile cha amiloidi beta 42, protini mbili zinazohusishwa na ugonjwa huo. Katika sampuli 499, asilimia 91.7 ya waliotoka chanya walithibitika kuwa na amiloidi ubongoni kwa PET (picha ya ubongo inayotumia dawa ya mionzi) au maji ya uti wa mgongo. Waliotoka hasi, asilimia 97.3 walithibitika kuwa hawana. Naomba kije hospitali ya rufaa ya kanda. PET ya amiloidi inataka dawa yenye florini-18, ambayo nusu ya nguvu yake huisha kwa dakika 110. Sindano ya mgongo ndugu wa mgonjwa hawataki hata kuisikia. Damu wanatoa.

Daktari wa mishipa ya fahamu: Mkuu, kibali umekisoma nusu. Ni kwa wenye miaka 55 na kuendelea ambao tayari wana dalili na wako mikononi mwa bingwa. Na karibu mtu 1 kati ya 5 anarudi bila jibu, si chanya si hasi. Ukianza kupima kila babu anayepotelea sokoni Kirumba, hesabu inakugeuka. Tuseme kipimo kinanasa wagonjwa 90 kati ya 100 na kinawaacha huru wazima 90 kati ya 100. Pima wazee 1,000 ambao 100 tu wana amiloidi: utanasa 90 wa kweli, na wazima 90 wengine utawabandika ugonjwa usio wao. Kabla ya hapo, je, B12, tezi ya shingo, kaswende na VVU vimepimwa? CT, picha ya kichwa, imeonyesha hakuna damu iliyovuja juu ya ubongo? Hayo yana tiba.

Muuguzi, Ukerewe: Daktari, hakuna aliyesema tupime kila babu. Mimi nauliza la huku: sampuli ya Nansio, hapa kisiwani, itafikaje Mwanza?

Mtaalamu wa maabara, Nyamagana: Dada, isisafiri ikiwa damu nzima. Jaza chupa ya EDTA (dawa ya kuzuia damu isigande) ya kifuniko cha zambarau hadi alama, igeuze taratibu mara 8 hadi 10, izungushwe kwenye sentrifuji ndani ya saa 2, 2,000 g kwa dakika 10. Hiyo ni g, yaani nguvu ikilinganishwa na mvutano wa dunia, si mizunguko kwa dakika! Rota, kile kinachobeba chupa ndani ya mashine, ya nusu kipenyo cha sentimita 10 inataka karibu mizunguko 4,200. Ukiweka 2,000 hufiki hata robo ya nguvu inayotakiwa. Nyonya plazma, maji ya njano yaliyo juu, bila kugusa utando mweupe wa chembe chini yake, gawa nusu mililita kwenye vichupa vya polipropilini, gandisha nyuzi 80 chini ya sifuri. Kioo na polistireni hunasa amiloidi. Na damu ikisubiri meli, amiloidi 42 hushuka haraka kuliko p-tau217. Kigawanyo kikishuka uwiano unapanda, na mzima anatoka chanya.

Mfamasia mtafiti: Hapo ndipo wengi watateleza. Ila mnabishana kama vile kiashiria cha ugonjwa ni cha aina moja. APOE e4, aina ya jeni, ni cha uwezekano wa kuugua tu, na kwa watu wenye asili ya Afrika uzito wake ni mdogo kuliko kwa Wazungu. p-tau217 ni cha utambuzi. NfL, nyurofilamenti nyepesi, ni protini ya nyuzi za neva; inasema nyuzi za neva zinakufa, haisemi kwa nini. Aliyeanguka na bodaboda miezi michache iliyopita itampanda vilevile. Lakini kwa mwitikio wa dawa inafaa: tofersen, dawa ya ALS (ugonjwa unaoua neva za misuli) kwa wenye hitilafu ya jeni SOD1, iliidhinishwa Marekani 2023 kwa kushusha NfL. Cha usalama ni MRI, picha ya ubongo ya sumaku, kutafuta uvimbe na matone ya damu kwa anayetumia lecanemab, dawa ya kuondoa amiloidi. Nani Mwanza anaitumia? Parkinson ni habari nyingine: kipimo kinachokuza mbegu za alfa-sinukleini, protini ya ugonjwa huo, bado kinategemea zaidi maji ya mgongo.

Daktari wa mishipa ya fahamu: Nakubali. Na figo je? Zikichoka, p-tau217 na NfL hupanda zenyewe. Kugawa kwa amiloidi kunapunguza kosa hilo, hakulifuti. Wazee wetu wana presha na sukari.

Mtaalamu wa maabara, Nyamagana: Basi kreatinini, kipimo cha figo, iende kwenye fomu ileile, na isipojazwa sampuli irudishwe.

Daktari wa mishipa ya fahamu: Hiyo nasaini. Viwango vya kukata vya Marekani, vinavyotenga chanya na hasi, sisaini, mpaka tuwe na plazma ya wazee wazima wa huku ya kulinganishia.

Muuguzi, Ukerewe: Wazee wazima ninao. Leteni sentrifuji na friza yenye jenereta.