Faiba, antena ya mtaa au dishi? Natuma video za harusi kutoka Tudor, Mombasa

BintiTudor
Assalaam aleikum nyote. Kazi yangu ni kuhariri video za harusi. Harusi moja, kuanzia kutia hina mpaka kupamba, hunitoka GB 40, na bibi harusi keshafika Maskati anataka yake leo leo. Natumia kampuni ndogo ya intaneti ya hapa mtaani, ile ya antena juu ya paa. Mwaka juzi nilikuwa naisifu kila mahali. Walikuwa na majengo mawili matatu nyuma ya msikiti, ukipiga simu fundi anakuja na ndara zake. Sasa antena zao nazihesabu mpaka Mikindani, na kuanzia Magharibi hadi saa sita usiku mstari wa kupakia hausogei. Nihamie faiba, intaneti ya waya, ya kampuni kubwa, dishi la setilaiti la Starlink, au nivumilie? Nalipa shilingi 2,500 kwa kasi ya Mbps 10.

Cyber_Majengo
Faiba dada. Hakuna mjadala. Ila uulize imepita nguzo gani. Yangu imeng'olewa mara tatu na malori ya mchanga, waya zimening'inia pale kona kama kamba ya kuanikia nguo.

FundiWaya
Hesabu kwanza, mapenzi baadaye. GB 40 kwa Mbps 10 kamili, bila kuyumba, ni karibu saa tisa. Kwa 30 ni kama saa tatu. Na je, hizo 10 ni za kupakua tu au na kupakia pia? Watu wengi huuziwa namba ya kupakua, wakaja kugundua kupakia ni 3. Kwa mtu wa filamu tu haidhuru. Kwako wewe ndiyo riziki.

Kuhusu hao jamaa zako: nimepanda mapaa ya mji huu miaka kumi na moja na nshaona kampuni kama hiyo zaidi ya moja. Huanza kwa kununua kipande cha intaneti kwa jumla, tuseme Mbps 1,000, wanakirusha kwa redio kutoka ghorofa refu. Wateja arobaini, kila mtu raha. Sifa zinaenea, wateja wanafika mia nne wa Mbps 10 kila mmoja: zimeuzwa 4,000, zilizopo ni 1,000 zile zile. Hilo peke yake si wizi, kampuni zote hufanya hivyo kwa sababu watu hawatumii kwa pamoja. Lakini saa mbili usiku wanatumia kwa pamoja! Pesa ya wateja wapya ilitakiwa ikanunue kipande kikubwa zaidi, ikaenda kununua antena za mtaa mwingine.

Halafu kuna chumvi. Kampuni za bara hazijui habari hii. Kichwa cha waya kisichofungwa vizuri hapa Tudor, karibu na maji, ndani ya mwaka mmoja kimeota kutu ya kijani. Kabla hujahama, panda juu ukaangalie. Saa kumi alfajiri pima kasi, kisha saa tatu usiku. Alfajiri ikiwa nzuri, basi ni msongamano. Saa zote mbili mbovu, ni waya.

MzeeWaBandari
Nyinyi watoto mwadeka. Kabla ya 2009 intaneti yote ya Kenya ilikuwa inapanda setilaiti iliyo kilomita 36,000 juu, na cyber tulilipa kwa dakika. Mwaka huo nyaya za baharini, TEAMS na SEACOM, zikatua hapa hapa Mombasa, 2010 ikafuata EASSy. Nchi nzima na majirani zake wanakunywa kwenye kisima kilicho mlangoni petu, halafu sisi ndio wenye kiu. Februari 2012 meli ikatia nanga nje ya bandari ikaikata TEAMS. Nanga moja tu.

Shanzu254
Mzee kanikumbusha. Mei 2024 EASSy na SEACOM zilikatika pamoja upande wa Afrika Kusini. Mimi na jirani tulikuwa na kampuni tofauti: yeye alikwama, mimi nilifanya kazi kwa kuyumbayumba. Kwa hiyo BintiTudor, waulize wananunua kutoka kwa nyaya ngapi. Akikujibu "tuko na intaneti ya kutosha", hajui.

Dishi ninalo. Starlink iliingia Kenya Julai 2023. Setilaiti zake ziko chini, kama kilomita 550, kwa hiyo mazungumzo ya video hayachelewi kama enzi za mzee. Lakini linataka mbingu wazi, na mimi nina mwembe. Mke wangu hataki ukatwe. Kupakia nako ni kudogo sana kuliko kupakua.

DukaKongowea
Kitu kimoja hamjakigusa. Kampuni nyingi ndogo huwaweka wateja nyuma ya anwani moja ya umma ya intaneti, hivyo kifaa chako hakifikiki kirahisi ukiwa nje. Niliweka kamera dukani, nikiwa nyumbani siioni. Fundi wa kamera akamlaumu wa intaneti, wa intaneti akamlaumu wa kamera, wiki mbili.

FundiWaya
Kweli. Ila msizitupe zote ndogo. Kampuni ya intaneti ya Mawingu ilianzia Nanyuki ikihudumia watu wa mashambani, leo imevuka mpaka ikainunua Habari Node ya Arusha. Kukua si kosa, mradi waya wa nyuma, ule unaowaletea intaneti, ukue pamoja na wateja.

BintiTudor
Nimerudi. Nimepima: alfajiri 9.4, saa tatu usiku 1.1. Kichwa cha waya kilikuwa kijani kweli, fundi wao amekibadilisha, usiku ikafika 1.6. Nikamuuliza mwenye kampuni ana wateja wangapi. Akacheka, akaniambia "Alhamdulillahi, wengi." Kipande chake cha intaneti ni kile kile. Nimelipia faiba, Mbps 30 kupanda na kushuka, wanafunga Jumatatu. Antena naiacha mwezi mmoja ya akiba.

Cyber_Majengo
Hongera. Imepita nguzo gani?

BintiTudor
Ile ya kona, kwa muuza mahamri. Kwani?

Cyber_Majengo
Hapana, hakuna kitu. Hiyo antena iache miezi mitatu.