Naomba ushauri: siku za mwisho za safari yetu ya pikipiki hadi Cape Town

Ndugu wasafiri, habari zenu. Mimi na mke wangu tulitoka Dar es Salaam kwa pikipiki moja, tukapita Zambia, Botswana na Namibia, na sasa tumepumzika Noordoewer, mji wa Namibia ulio mpakani na Afrika Kusini, kando ya Mto Orange, tukiwa tumebakiza takriban kilomita 700 za barabara ya N7. Cheni imelegea hadi haikazwi tena, na meno ya sproketi ya nyuma (gurudumu la meno linalovutwa na cheni) yamechongoka kama ya papa. Mke wangu anaumwa kiuno, lakini hataki kabisa kumalizia safari kwa basi, nami naheshimu uamuzi wake kwa kuwa safari hii ni yetu sote wawili.

Je, tulale Springbok na Clanwilliam ili apumzike, na katika miji hiyo kuna fundi wa pikipiki anayeaminika? Pia, kwa aliyewahi kusafirisha pikipiki kwa meli kutoka Cape Town hadi Dar es Salaam: mbali na kumwaga petroli na kuchomoa betri, forodha hudai nyaraka zipi, na je, gharama yake inazidi ile ya kurudi kwa barabara kupitia Beitbridge, mpakani mwa Afrika Kusini na Zimbabwe? Tungependa kuamua kabla ya kuvuka mpaka.