Mama wa pilau kanitajia bibi yangu mbele ya foleni kwa ajili ya thomu

Jamani nipo barazani mikono inanitetemeka, nikikosea herufi mnisamehe. Mnamjua. Simtaji lakini mnamjua, mwenye sufuria kubwa na foleni mpaka barabarani, yeye huyo huyo. Leo nimetoka sala ya adhuhuri na njaa yangu, nimepewa sahani, natia tonge la kwanza, pilau nyeupe kama kanzu ya Iddi! Vitunguu maji vimo lakini moto havijauona tangu vishuke bandarini kutoka bara, vimelala juu ya mchele laini vinateleza, na thomu hainuki kabisa, kinachonuka ni kabati la dawa.

Nikamuuliza kwa adabu, bi mkubwa, leo thomu imepungua? Wallahi nimemwita bi mkubwa. Akainua kopo la unga, kifuniko kimeliwa na kutu, akaligonga na kijiko kwa kwa kwa watu wote wanatizama, akasema "Thomu si hii? Ukitaka ya kutwanga nenda kwa bibi yako."

KWA BIBI YANGU. Marehemu huyo jamani, yuko kaburini. Yeye ndiye aliyenifunza kitunguu maji unakikaanga mpaka kiwe kahawia kwa sababu rangi ya pilau inatoka hapo, halafu ndio unatia thomu na tangawizi, ukitanguliza thomu inaungua inakuwa chungu, kisha unatia uzile, ile bizari nyembamba, na nyama. Thomu anaitwanga saa ile ile kwenye kinu chake kidogo, punje nzima hainuki mpaka uiponde, ukiiponda nyumba ya tatu wanajua leo kwenu kuna pilau. Sasa hiyo ya kopo imeshanukia huko huko kiwandani, kwetu imekuja maiti.

Na watu wakacheka! Kijana wa bodaboda kacheka mpaka kapaliwa. Kijiko kwa kwa kwa, nenda kwa bibi yako.

Bint Jang'ombe: Pole. Sahani ulimaliza hukumaliza?

Mwana Kikwajuni (mwenye uzi): Nimemaliza, nimelipa elfu sita na chakula hakitupwi. Lakini kamtaja BIBI YANGU.

Bint Jang'ombe: Kumbe kamaliza 😂😂😂

Yakhe wa Wete: Nyie watu wa Unguja mnapenda foleni, mkiona watu wamejipanga na nyie mnajipanga hata hamjui kunauzwa nini. Panda boti uje Pemba ule chakula.

Mgeni wa Tanga: samahani wakuu thomu ndio nini

Kungumanga: Kitunguu saumu chenu hicho

Mgeni wa Tanga: si mseme saumu basi

Kungumanga: Saumu tunafunga, thomu tunatwanga. Usituchanganyie.

Mke wa Mvuvi: Mie simlaumu huyo mama, kumenya thomu ya sufuria lile vidole vinawaka mpaka usiku, hebu jaribu wewe. Wa kulaumiwa ni wauza vitunguu Mwanakwerekwe, fungu juu vizuri vinang'aa, ufike nyumbani vya chini vimeoza vinatoa maji mpaka kikapu kinanuka wiki nzima

Bint Jang'ombe: Darajani hivyo hivyo! Juzi kilo mbili nimetupa nusu

Mwana Kikwajuni (mwenye uzi): Jamani uzi ni wa thomu. Kagonga kijiko mbele ya watu.

Kungumanga: tumesikia, kwa kwa kwa 😂

Yakhe wa Wete: Na urojo mbona hamsemi? Siku hizi embe haimo, wanakoroga unga na bizari wanakamua ndimu wanakwambia urojo huo

Mke wa Mvuvi: Usinikumbushe urojo. Na bajia zenyewe mawe.

Mwana Kikwajuni (mwenye uzi): Bibi yangu jamani.

Mgeni wa Tanga: nipo Michenzani hapa, urojo wenye embe nitapata wapi

Bint Jang'ombe: Njoo inbox nikuelekeze, hapa nikisema kesho foleni itafika barabarani