Kuingiza tishali ndani ya hori bila tagi: maji, nanga au kijiko?

FundiGati: Asalaam aleikum. Tuna tishali la kazi, chombo bapa cha mizigo, halina injini, juu lina kijiko (ile mashine ya kuchimbia) na mbao za gati, linatakiwa liingie hori ya Chake, Pemba, mpaka kule ndani kwenye mikoko. Tagi, ile meli ya kuvutia, haifiki, maji madogo. Nalinganisha njia tatu, liachiwe na maji yanayojaa, livutwe kwa nanga na winchi, au kijiko chenyewe kilisogeze. Nani keshafanya?

Mpwani wa Wete: Waaleikum salaam. Maji yakhe, ndo nguvu ya bure. Bamvua, yale maji makubwa kabisa, huku yanapanda mpaka mita 4 hivi. Ila ingia yakiwa bado yanajaa, ukigusa mchanga yatakunyanyua, ukikwama juu ya kilele cha bamvua ndo basi tena, unangoja bamvua jingine wiki mbili. London zamani matishali ya mto Thames yalikuwa yakipanda na kushuka na mkondo hivo hivo, watu na makasia marefu ya kuongozea tu.

Kipepo: Sikubaliani na kuliachia tu. Chombo kikenda sawasawa na mkondo usukani haushiki, kitakwenda ubavu ubavu mpaka kwenye mikoko. Burura nanga nyuma kwa kamba fupi, liende polepole kuliko maji, hapo usukani unashika.

BintiMkoani: Mie nasema nanga. Mashua inatangulia na nanga, inaitupa mbele, winchi inavuta, na kabla hujaifikia, nanga ya pili ishatupwa, hivo hivo mpaka ndani. Wajerumani mto Elbe tangu 1866 walilaza mnyororo chini ya maji, meli inajivuta juu yake. Ufaransa kwenye handaki la Riqueval, mita 5,670, boti ya umeme imevuta msururu wa matishali kwa mnyororo namna hiyo hiyo, moshi wa injini mule ndani ungeua watu. Na tafadhalini sana msifunge kamba kwenye mikoko!! Kamba ikikaza inamenya gome mti unakufa, na ule ndo unaoshika ufukwe wetu na ndo wanapozalia samaki.

Mpwani wa Wete: Hapo sawa dada, mikoko isiguswe.

Dereva wa kijiko: Kijiko kinaweza, unapeleka ndoo mbele unaikita chini unavuta mkono, tishali linakuja, halafu unashusha nguzo za chuma zilishike wakati unanyanyua ndoo tena. Uzuri wake unasimama pale pale unapotaka. Ubaya ni polepole mno na kwenye tope laini ndoo inazama tu haivuti kitu, unabaki kuchafua maji. Mie naitumia mita za mwisho kwenye gati, si safari nzima.

FundiGati: Basi tunaingia na maji, nanga inaburura nyuma, kwenye kona winchi, gatini kijiko. Nanga gani itashika tope lile?

BintiMkoani: Baura ya makucha mapana, na uipe kamba ndefu, fupi itang'oka.

Kipepo: Na mtu mmoja kazi yake iwe kupima kina kwa upondo pale mbele, asishikishwe kitu kingine.