Naomba ushauri: CI Cam inabadilika kweli kwenye infraredi au kamera imezidiwa?

Wakuu, habari zenu. Nimekwama na CI Cam, ile nyota ya kundinyota la Twiga iliyolipuka ghafla mwaka 1998 mpaka ikaonekana kwenye eksirei, kisha ikafifia ndani ya siku chache. Spektra yake (mwanga wake uliotawanywa kwa rangi) imejaa mistari angavu ya haidrojeni, heliamu na chuma, na vumbi la moto linaloizunguka ndilo linaloifanya ing'ae sana kwenye infraredi, yaani mwanga wa joto usioonekana kwa macho.

Nimechota vipimo vya darubini ya anga WISE, kwenye mawimbi ya infraredi ya mikromita 3.4 na 4.6. Darubini ilikuwa ikiipitia kila baada ya miezi sita hivi. Kwenye grafu, nukta za siku hiyohiyo zinarukaruka kama panzi! Vumbi lote libadilike ndani ya saa chache? Sidhani. Nyota ni angavu mno, nahisi pikseli za katikati ya picha yake zilijaa mwanga kupita kiasi na kipimo kinakisiwa kutoka pembeni.

Sasa nichukue wastani wa kila ziara, au nitupe zote nitafute vipimo vya darubini za ardhini? Halafu mstari wa haidrojeni wa mikromita 4.65 unaangukia ndani ya kipimo hichohicho cha 4.6, niutoeje? Aliyewahi kupita njia hii anishike mkono.