Naomba ushauri: melanini katika viinitete vya samaki pundamilia

Ndugu wanachama, habari za kazi. Ninachunguza jinsi nyuzi za neva zinavyoota upya baada ya ugwe wa mgongo kukatwa katika lava (watoto wachanga) wa samaki pundamilia wenye umri wa siku 3, tunaowatunza kwenye maji ya nyuzijoto 28.5 za Selsiasi. Mwili wao angavu huniwezesha kuona kwa hadubini nyuzi hizo zikivuka jeraha, jambo ambalo kwa mamalia waliokomaa kwa kawaida halitokei, na ambalo hunipa matumaini makubwa kwa ajili ya watu waliopooza.

Kinachonikwamisha ni melanini, yaani rangi nyeusi ya mwili, ambayo huanza kuonekana takriban siku moja baada ya yai kurutubishwa na kufunika sehemu ninayoihitaji. Wengi huizuia kwa fenilithiourea ya asilimia 0.003, lakini kemikali hiyo hupunguza pia homoni za thairoidi, ambazo ukuaji wa neva wenyewe unazitegemea, hivyo nasita kuyaamini matokeo yake. Je, waliotumia ukoo wa samaki hawa uitwao casper, uliokosa rangi hiyo kutokana na mabadiliko ya jeni, wanauona unafaa zaidi? Aidha, mnatofautishaje nyuzi zilizoota upya na zile ambazo kisu hakikuzifikia?