Je, mabaki ya mkonge yanaweza kuchukua nafasi ya dizeli?

Swali: Ndugu zangu, singa, yaani nyuzi, ni takriban asilimia 4 tu ya uzito wa jani la mkonge. Je, mabaki yanayotupwa yanaweza kweli kuendesha mitambo ya shamba?

Jibu: Yanaweza, ndugu, na huko Hale, mkoani Tanga, jambo hili limekwisha kuonyeshwa: mabaki huingizwa katika tangi lisilopitisha hewa, ambamo bakteria huyageuza kuwa bayogesi ya kuendeshea jenereta, na tope linalobaki hurudishwa shambani kama mbolea.

Jibu: Mimi nalithamini zaidi tope hilo, kwa kuwa urea tunayonunua hutengenezwa kwa gesi asilia au makaa ya mawe.

Muulizaji: Ahsanteni. Basi hata maji machafu ya korona, yaani mashine ya kutenganisha singa na jani, ambayo yakimwagwa mtoni huua samaki, yaingizwe humo humo.